Tafrija Isiyo na Kiingilio: Septemba Katika Miji ya Mlima Kenya

Ndugu zetu wa pwani huuita msimu huu demani, wakati upepo wa kusi unapopunguza ghadhabu yake na bahari ikarudiwa na utulivu. Sisi tunaokaa juu, kati ya safu ya Nyandarua na Mlima Kenya, hatuna bahari ya kutulia, walakini nafuu hiyo tunaipata kwa namna yetu: tangu siku za mwanzo za Septemba ile baridi ya Julai na Agosti, ambayo huwafungia watu wa Endarasha jikoni kando ya moto na kuyafunika mashamba ya viazi kwa ukungu hadi karibu na adhuhuri, huanza kufunga virago, jua hutoka mapema, vumbi hurudi njiani, na mvua za vuli, ambazo aghalabu hutufikia katikati ya Oktoba, huwa bado ziko mbali. Mkulima amekwisha kulima na anangoja mvua ndipo apande. Mwenye mshahara anangoja mwisho wa mwezi. Na mtu yeyote aliyejaliwa Jumamosi moja ya faragha bila shilingi za kutosha mfukoni hujiuliza, kwa haki kabisa, aende wapi.

Makala haya yamekusudiwa mtu huyo, na yanaanza kwa kumwonya. Katika majiji makubwa ya dunia tafrija ya bure ni kitu kinachoandaliwa: baraza la mji huajiri wapiga muziki, hufunga barabara, huchapisha ratiba, na gharama yote hulipwa kwa kodi za raia. Nyeri haijafika huko, wala Karatina, wala Nanyuki. Huku kwetu karibu kila jambo la kufurahisha lisilo na kiingilio ni jambo ambalo halikuwekwa kwa ajili ya kufurahisha mtu: soko, kanisa, makaburi, mnara wa kumbukumbu, kiwanda cha kahawa, mlima. Hakuna auzaye tikiti kwa sababu hakuna aliyepata kudhani kwamba hapo pana kitu cha kuuzwa. Nayaacha kando, kwa makusudi, yale makusanyiko ambayo matangazo yake hupita mitaani kwa vipaza sauti yakiahidi kuingia bure, kisha mgeni akishaketi huulizwa papo hapo atakunywa nini. Na yale ya wanasiasa pia nayaacha, ambayo ni bure kwa miguu lakini ni ghali kwa masikio. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuanze na kilicho kizuri kuliko vyote. Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga na ambao kilele chake cha juu kabisa, Batian, kina mita 5,199, una desturi ya kujidhihirisha alfajiri na kujitanda mawingu kabla ya saa nne ya asubuhi, hata mgeni aliyeamka kwa kuchelewa huweza kukaa Nyeri juma zima akaondoka akidai kuwa mlima huo ni hekaya. Atakaye kuuona na awe nje saa kumi na mbili. Mtu wa Endarasha ana bahati kuliko wengi, maana amesimama baina ya milima miwili: mbele yake, upande wa macheo, Batian na kilele mwenzake Nelion huonekana kama meno meusi kwenye anga iliyoanza kuwa nyekundu, na nyuma yake nuru ya kwanza huangukia Nyandarua, ikianza kileleni Lesatima, kwenye mita 4,001, na kuteremka polepole juu ya misitu mpaka imfikie yeye mwenyewe, ng'ombe wake na kabeji zake. Ni katika mwezi huu huu, tarehe 13 Septemba 1899, kwamba Mwingereza Halford Mackinder alifika kileleni pamoja na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, akakiita kilele hicho kwa jina la Mbatian, laibon mashuhuri, yaani kiongozi wa kidini, wa Wamaasai. Miaka 64 baadaye, usiku wa uhuru wa Desemba 1963, bendera mpya ya Kenya ilipandishwa juu ya kilele cha Lenana na mpanda milima Mkenya, Kisoi Munyao. Kuupanda mlima ni jambo la ada ya hifadhi, mwongozaji, mavazi mazito na mapafu ya ujana. Kuutazama ni haki ya kila mwenye macho.

Tena hapa Endarasha mpaka baina ya kilicho bure na kilicholipiwa unaonekana waziwazi, kwa maana umejengwa kwa nyaya. Uzio wa umeme unaoizunguka hifadhi ya Nyandarua, wenye urefu wa kilomita 400 hivi na uliokamilika mwaka 2009, uliwekwa ili tembo wakae kwao na viazi vikae kwetu. Ndani ya uzio ni maporomoko ya maji, nyati na ada. Nje ya uzio ni vichochoro vya mashambani, vijito, ndege wa kila rangi na wazee wanaopenda kuulizwa habari za zamani. Mimi sioni kwamba aliye nje amepunjika sana.

Pana tamasha jingine la mbinguni ambalo Septemba huleta, nalo ni la ajabu kiasi kwamba nashangaa halitangazwi. Tarehe 22 au 23 ya mwezi huu jua huvuka mstari wa ikweta likishika njia ya kusini, na mahali palipo juu ya mstari wenyewe, kama vile pale Nanyuki ambapo wasafiri hupiga picha chini ya lile bango la ikweta, jua la mchana husimama wima utosini. Mtu akisimika kijiti kilichonyooka kwenye ardhi iliyo sawa, ataona kivuli kikifupika, kikifupika, mpaka kimetoweka. Na yeye mwenyewe, akiangalia miguuni pake, hatakuwa na kivuli ila kile kidogo anachokikanyaga. Jambo hili halitokei saa sita kamili, kwa kuwa saa tunazovaa mkononi hufuata longitudo ya 45, ambayo iko mbali upande wetu wa mashariki; Nanyuki hulipata kiasi cha saa sita na dakika 24. Endarasha nayo iko kusini mwa mstari kwa umbali mdogo, hata tofauti ya kivuli haiwezi kugunduliwa na jicho, basi asiye na nauli ya Nanyuki aweza kulishuhudia uani kwake, kwa kijiti cha kuni na subira ya robo saa, watoto wakiwa wamemzunguka. Ni somo la falaki lisilohitaji darasa, na sharti lake ni moja tu, kwamba mawingu yasiingilie.

Pale Nanyuki pana vijana hodari wenye mabeseni, ambao huwaonyesha wageni kwamba upande wa kaskazini wa mstari maji hutoka tunduni yakizunguka huku, upande wa kusini yakizunguka kule, na juu ya mstari yakashuka bila kuzunguka kabisa, kijiti cha kiberiti kikielea juu yake kuwa shahidi. Ni haki wasomaji waambiwe kwamba huo ni ufundi wa mikono. Nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia ipo kweli, nayo ndiyo huzipa tufani za baharini mwelekeo wake, lakini tufani ina upana wa mamia ya kilomita. Katika beseni, tena hatua chache tu kutoka kwenye mstari, nguvu hiyo ni dhaifu mno kuweza kusukuma hata unyasi, na maji hufuata jinsi yalivyomiminwa na jinsi mwenye beseni alivyogeuka. Ukipenda mpe kijana bahashishi yake, maana amekuchekesha. Kivuli kilichotoweka, hata hivyo, ndicho muujiza wa kweli, na hakina mwenyewe wa kukudai.

Jumamosi, baada ya chai ya asubuhi, matatu za kutoka Endarasha hushuka kwa njia ya Mweiga hadi Nyeri, na nauli hiyo ndiyo gharama pekee ambayo siwezi kumwepusha nayo msomaji. Mji huu ulianza kama kituo cha askari wa Kiingereza mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya vita ambavyo ofisa wao Richard Meinertzhagen aliwapiga watu wa Tetu, na ukawa baadaye makao makuu ya Mkoa wa Kati. Kwa hiyo anayetembea humo kwa miguu, polepole, bila kununua chochote, anatembea juu ya tabaka za historia zilizobanana kama kurasa za daftari lililoloana.

Katikati ya mji umesimama mnara usio mkubwa, wa kuwakumbuka Wakikuyu waliokufa katika kupigania uhuru baina ya miaka ya 1951 na 1957. Watu wengi hupita hapo wakikimbilia steji, mifuko mikononi, bila kugeuza shingo. Nawasihi wageuze. Ni katika mji huu kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa wapigania uhuru hao, aliyekamatwa msituni tarehe 21 Oktoba 1956 akiwa na jeraha la risasi, aliletwa mahakamani mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akahukumiwa kifo, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Chuo kikuu kilicho nje ya mji leo kina jina lake, na barabara kadhalika, ilhali zamani kutamka jina hilo kwa sauti kubwa kulitosha kumfungisha mtu. Mzazi aliye na mtoto wa shule ya msingi na amsimamishe mbele ya mnara huo dakika kumi. Atakuwa amempa somo la historia ambalo kitabu hakiwezi kulitoa kwa nguvu ile ile.

Umechoka kusimama? Ipo Bustani ya Whispers, yenye nyasi na kivuli, ambako mafundi, wanafunzi na wasio na kazi hupumzika bila ubaguzi. Jina hilo, kwa kila aliyekuwa akisoma magazeti ya Jumapili katika miaka ya 1980 na 1990, ni jina la Wahome Mutahi, mwana wa Nyeri aliyelichekesha taifa zima kwa visa vya baba mlevi kidogo, mke mkali na watoto wasiosikia la mwadhini, naye akatiwa kifungoni mwaka 1986 katika msako wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, akatoka na kuandika tena. Aliaga dunia Julai 2003. Michezo yake ya kuigiza kwa Kikuyu ilichezwa katika mabaa na kumbi za vileo, ambamo watazamaji hawakuwa wamezoea kuitwa watazamaji, na ujasiri wa jambo hilo bado haujapata mrithi aliye sawa naye. Laiti vijana wetu wenye vipaji wangejua kwamba bustani ya umma siku ya Jumamosi alasiri ni jukwaa tosha, na kwamba hadhira iko pale tayari, imekaa kwenye nyasi, haina pa kwenda.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye makaburi ya kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro. Humo amelala Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941, na juu ya jiwe lake limechongwa duara lenye nukta ndani, alama ambayo maskauti huiacha njiani kumjulisha afuataye kuwa aliyetangulia amekwenda nyumbani. Si mbali naye amelala Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wala watu wa India, ambaye alihamia Kenya mwaka 1947 na ndiye aliyekuwapo katika hoteli ya mtini ya Treetops usiku ule wa Februari 1952 ambao binti mfalme Elizabeth alipanda mtini akiwa binti na akashuka akiwa malkia bila yeye mwenyewe kujua. Maskauti kutoka nchi za mbali huvuka bahari kuja kuinamisha vichwa hapa, na mkazi wa Nyeri, ambaye angefika kwa miguu, aghalabu hajapata kufika hata mara moja. Amwone kwanza mlinzi, avue kofia, na atembee kwa taadhima, kwa kuwa waliolala humo si wageni mashuhuri peke yao.

Lakini mahali ambapo mimi ningempeleka mgeni wangu kwanza ni Mathari, kwenye kanisa la ukumbusho la Waitaliano. Vita Vikuu vya Pili vilileta nchini Kenya maelfu ya mateka wa Kiitaliano waliotekwa Uhabeshi na Somalia. Walijenga barabara, walikata mawe, walipika, waliugua, na wengi wao hawakurudi kwao. Mifupa ya mamia ya hao imehifadhiwa ukutani mwa kanisa hilo, na pamoja nao yumo mkuu wao, Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa gavana wa himaya yote ya Italia katika Afrika Mashariki, aliyesalimu amri Amba Alagi mwezi Mei 1941 na kufariki akiwa mateka mjini Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Alitaka mwenyewe azikwe pamoja na askari wake. Ndani pana ubaridi na ukimya, na mtu aliyetoka kwenye kelele za matatu huhisi kama amevuka bahari. Na katika mateka hao hao walikuwamo watatu, Felice Benuzzi na wenzake wawili, ambao mwezi Januari 1943 walitoroka kambi ya Nanyuki, wakaupanda Mlima Kenya kwa vifaa walivyojiundia kwa siri, wawili wao wakasimika bendera yao juu ya Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao na kujisalimisha. Sijui hoja iliyo kubwa kuliko hiyo ya kumthibitishia mtu kwamba mwanadamu huhitaji tafrija hata akiwa gerezani.

Karatina ni jambo jingine. Aipendaye Nyeri kwa ukimya wake aipende Karatina kwa makelele yake, maana soko lake la wazi limekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa yale makubwa ya Afrika Mashariki, na Jumamosi ni mojawapo ya siku zake kuu. Ustadi wa mashamba haya wa kulisha watu wengi si wa jana: wakati wa vita hivyo hivyo serikali ya kikoloni ilijenga Karatina kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya majeshi, na vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, lakini wakulima hawakusahau walichojifunza. Leo hii huja viazi vya Kieni, minji, karoti na kabeji za Endarasha yenyewe, nduma kutoka mabondeni, ndizi za kaunti ya Kirinyaga, mchele wa Mwea wenye harufu inayomtangulia mchuuzi, parachichi, maharagwe ya rangi ambazo hazina majina katika Kiswahili sanifu, na milima ya mitumba. Mkokoteni hupita ukipiga kelele za onyo, na asiyesikia husukumwa. Mama mwenye magunia humwita kila apitaye "kastoma", awe ana fedha au hana, na ukimjibu kwa heshima, "Shikamoo" ikiwa umetoka pwani au "Habari ya biashara, mama" ikiwa wewe ni wa huku, atakueleza bila malipo kwa nini bei ya viazi imepanda, nani ameivuruga, na mvua itanyesha lini. Utabiri wake nimeuona ukishinda ule wa redio. Kuna furaha isiyo na jina katika kupita sokoni ukiwa huna haja ya kununua: macho huwa huru, pua huwa huru, na mtu hugundua kwamba biashara, ikitazamwa na asiye na haraka, ni mchezo wa kuigiza ambao kila mchezaji anaujua vyema.

Kahawa nitaigusia kwa ufupi, kwa kuwa wakati wake hasa ni Oktoba inapoanza kuzeeka. Mavuno makubwa ya Nyeri huanza hapo na kuendelea hadi Desemba, na alasiri wanachama wa vyama vya ushirika huleta buni zao nyekundu kiwandani, wakazimwaga chini na kuzichambua, mbivu huku, mbichi kule, kabla ya kupimwa. Mgeni akimwomba ruhusa meneja kwa adabu, ataona jinsi maganda yanavyoondolewa, jinsi punje zinavyolala katika matangi mpaka utelezi uishe, kisha zikasukumwa katika mifereji ya maji ambamo nzito huzama na nyepesi hutangulia, na mwisho zikatandazwa juu ya meza ndefu za waya zikauke. Miti mingi ni ya aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na maabara ya Scott katika miaka ya 1930, na wanywaji wa London na Tokyo huzilipia kwa bei ambayo mkulima akiisikia hunyamaza kidogo.

Jumapili miji hii huwa na sauti mpya. Kwaya za Presbiteri, Katoliki na Anglikana zimeandaa nyimbo juma zima, na mlango wa kanisa haujapata kumuuliza mtu tikiti. Sahani ya sadaka hupita, ni kweli, lakini haimshiki mtu koo. Wakorino nao, wanaume kwa wanawake wenye vilemba vyeupe, huimba kwa ngoma na kuruka, na hata asiye wa imani yao husimama kando ya barabara akasahau alikokuwa akienda. Katika kanisa kuu la Konsolata la Nyeri yamewekwa masalio ya Mwenye Heri Irene Stefani, mtawa wa Kiitaliano ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Wasomaji wa pwani watapenda kujua kwamba kabla ya Gikondi aliwauguza wapagazi wa vita vya kwanza, wale wa Carrier Corps, huko Voi, Kilwa na Lindi, akijifunza Kiswahili kitandani pa wagonjwa. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoambukizwa na mgonjwa aliyekuwa akimhudumia, na tarehe 23 Mei 2015 umati mkubwa ulikusanyika Nyeri kushuhudia akitangazwa mwenye heri, ibada ya kwanza ya aina hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya.

Septemba hapa Endarasha, lazima niseme, haiwezi tena kuwa mwezi wa furaha tupu. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliteketeza bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy. Watoto 21 walipoteza maisha, na taifa likaomboleza siku tatu. Mgeni atakayefika huku katika juma la kwanza la mwezi asishangae akikuta watu wamepunguza sauti, naye apunguze yake. Akae nao kanisani, awape mkono, aende zake kwa upole.

Mwezi huo huo una kumbukumbu nyingine, tarehe 25, siku aliyofariki Wangari Maathai mwaka 2011. Alizaliwa Ihithe, katika Tetu, ng'ambo ya vilima hivi, mwaka 1940. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya Mkanda wa Kijani, ambayo iliwalipa wanawake wa vijijini ujira mdogo kwa kila mche uliostawi. Na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Nishani ya Nobel ya Amani. Aliagiza mwili wake usiwekwe katika jeneza la mbao, ukapelekwa kuchomwa ukiwa katika lile lililosukwa kwa mianzi, gugumaji na mafunjo. Jumamosi iliyo karibu na siku hiyo, kwa maoni yangu, haina matumizi bora kuliko kuchimba mashimo ya miche ili mvua za Oktoba zikifika zikute kazi imekwisha kufanywa. Serikali nayo tangu mwaka 2024 imeifanya tarehe 10 Oktoba kuwa Siku ya Mazingira, na siku kumi baadaye huja Mashujaa, sikukuu ambayo kila kaunti huiadhimisha uwanjani kwa gwaride, ngoma na hotuba. Mwaka 2021 maadhimisho ya taifa yalifanyika jirani zetu Kirinyaga, katika uwanja wa Wang'uru. Gwaride na ngoma ni vya kutazamwa. Hotuba kila mtu na hiari yake.

Sasa nirudi kwenye lile la majiji makubwa. Mwaka 1984 serikali ya Ufaransa iliamua kwamba katika Jumapili moja ya Septemba majumba ya historia yafunguliwe kwa watu wote bila malipo, yakiwamo yale ambayo milango yake hufungwa mwaka mzima. Jambo likapendwa, likaenea Ulaya nzima, na leo makumi ya nchi zina siku zao katika mwezi huu. London ilianzisha yake mwaka 1992, na raia hupanga foleni ndefu ili waone ndani ya ofisi na nyumba wanazozipita kila siku. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na muziki na jukwaa, maana kitu cha kutazamwa kipo tayari. Kinachotakiwa ni ufunguo, mlinzi, na mtu mmoja anayejua kueleza.

Nyeri ina vyote hivyo. Ina makumbusho ya taifa pale Ruring'u, katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji zama za ukoloni, na kiingilio chake, ijapokuwa si kikubwa, humrudisha nyuma mzazi mwenye watoto wanne. Ina mahakama, mnara, makanisa na makaburi niliyoyataja, yote katika umbali ambao mzee mwenye mkongojo aweza kuumaliza kwa siku moja akipumzishwa. Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa wa serikali ya kaunti na wakuu wa makumbusho wachague mwisho wa juma mmoja, ule ulio karibu na tarehe 25 Septemba ungefaa, wafungue milango hiyo bila ada, na wawaweke wazee na wanafunzi wa historia mlangoni wawaeleze watu walichokikuta humo. Na mpaka siku hiyo ifike, wewe msomaji usiwangoje: Jumamosi ijayo panda matatu ya asubuhi.